Pesa ya mama na pesa ya ploti: ipi inadaiwa kodi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzaliwa wa Voi, na huu ni mwaka wa saba niko Dallas, Texas. Nilikuja kwa bahati nasibu ya Grini Kadi, nikaanza kwa kuwatunza wazee majumbani mwao, nikasoma, na sasa ni muuguzi. Sina mume wala mtoto. Nyumbani nimemwacha mama, pamoja na mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye macho yangu kule.

Kila mwezi natuma dola 600 za mama: chakula, dawa za presha, na mshahara wa msichana anayemsaidia. Nabeba pesa taslimu mpaka dukani kwa wakala, zinaingia kwenye simu ya mdogo wangu kwa kuwa mama hajazoea mambo ya simu. Tena miaka michache iliyopita nilinunua ploti, hati iko kwa jina langu, nikajenga vyumba sita vya kupangisha. Kila chumba ni shilingi 6,500 kwa mwezi. Mdogo wangu ndiye anayepokea pango. Nyingine anaiweka kwenye akaunti yangu ya benki kule Voi, nyingine anaitumia akiona pana haja, kisha ananiambia. Sijawahi kumlipa. Mwaka jana nilikuwa nakusanya pesa za ploti ya pili, akaunti ikafika shilingi milioni 1.7 kabla ya muuzaji kughairi.

Juzi mwenzangu kazini, Mkenya pia, aliniuliza kama huwa najaza ile fomu ya akaunti za nje. Sikujua anasema nini. Alipofungua simu akanisomea faini zake, usiku huo sikulala. Nikampigia anayenijazia ritani ya kodi kila mwaka, mtu tunayesali naye. Akacheka, akasema pesa za Kenya ni za Kenya, Marekani haziwahusu. Huyu ndiye aliyeniandika "mkuu wa kaya" kwa sababu namlisha mama. Malipo yake ni asilimia ya pesa ninazorudishiwa, na nilipotazama nakala zangu sikuona sahihi yake mahali popote.

Nilipomtajia mdogo wangu habari za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, alikasirika. Anasema majirani wote wana vyumba na hakuna anayelipa, na mimi nikianza nitawaletea watu mlangoni. Mama naye ananiambia, "Pesa ya dawa usiipeleke serikalini." Na huku watu wanasema kuna kodi mpya ya asilimia 5 kwa kila anayetuma pesa nje.

Mama, dola 600 za mama yangu zinadaiwa kodi? Niache kutuma? Niifunge ile akaunti kabla hawajaiona?

Muuguzi, Dallas

*

Marahaba, mwanangu.

Akaunti usiifunge. Sheria inaangalia miaka iliyopita, na miaka hiyo haifutiki kwa kufunga akaunti leo. Kitakachobaki kwenye kumbukumbu za benki ni kwamba uliifunga haraka baada ya kujua, na jambo hilo litakuwa gumu kulieleza mbele ya mtu yeyote. Iache wazi. Mama naye endelea kumtumia kama kawaida, leo na mwezi ujao.

Nimesoma barua yako mara kadhaa na ninachokiona ni pesa za aina tatu zinazopita katika mkono mmoja: pesa ya kumlea mama, pesa ya pango, na pesa ya kununulia ploti. Serikali mbili zinazitazama pesa hizi kwa macho tofauti kabisa, lakini wewe unaziogopa zote kwa pamoja kwa sababu zimekaa pamoja. Tuzitenganishe.

Ya mama haidaiwi. Dola 600 hizo zinatoka kwenye mshahara ambao umeshakatwa kodi huko Marekani, na ukimpa mama, kwa sheria ya huko hiyo ni zawadi. Mwaka 2025 mtu aliruhusiwa kumpa mtu mwingine mmoja hadi dola 19,000 bila kujaza karatasi yoyote, na mwaka 2026 kiwango ni hicho hicho. Wewe unatuma dola 7,200 kwa mwaka. Hata ungevuka kiwango, anayejaza fomu ni mtoaji, na kwa kawaida halipi kitu, kwa sababu juu yake kuna msamaha wa maisha nzima unaofika mamilioni ya dola. Kenya nayo haimtozi mama kodi ya mapato kwa kulishwa na binti yake. Mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka huko Marekani uliko. Mwambie mama dawa zake ziko salama.

Ile asilimia 5 ilikuwemo kwenye mswada wa Mei 2025. Ikashushwa hadi 3.5 katika Baraza la Wawakilishi, na sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 ikabakiza asilimia 1, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tena hiyo 1 inamkamata anayelipa kwa pesa taslimu, kwa hawala ya fedha au kwa hundi ya benki inayonunuliwa kaunta. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, haimgusi. Wewe unayebeba noti hadi dukani utakatwa dola 6 kila mwezi kwa safari ambayo huna haja ya kuifanya. Tuma kutoka benki yako kwa simu. Na hapo hapo utapata faida nyingine iliyo kubwa kuliko hizo dola sita: kila ulichotuma kitakuwa kimeandikwa, tarehe na jina la mpokeaji.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mtu wako wa kodi amekuharibia. Mama anayeishi Voi hawezi kuwa tegemezi wako kwenye ritani ya Marekani, hata kama kila tonge analokula linatoka mfukoni mwako. Sheria inataka tegemezi awe raia au mkaazi wa Marekani, au awe anaishi Kanada au Meksiko. Na asipokuwa tegemezi, huwezi kuwa mkuu wa kaya kwa ajili yake. Najua inauma. Watu wengi wa kwetu wanaona ni dhuluma, maana ukoo wetu hauishii kwenye mpaka wa nchi, na mimi naona wana hoja. Lakini sheria ndivyo ilivyo, na aliyekujazia alipaswa kuijua. Kwa mwaka 2024 mtu asiye na mwenzi alisamehewa kodi kwenye dola 14,600 za kwanza, mkuu wa kaya dola 21,900. Kwa mshahara wa kawaida wa uuguzi tofauti hiyo inaweza kuzidi dola elfu moja za kodi kwa mwaka mmoja. Hizo ulirudishiwa zisizo zako, naye akachukua asilimia yake humo humo.

Mjazaji yeyote anayelipwa anatakiwa awe na namba ya utambulisho kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na atie sahihi kwenye ritani. Asiyetia sahihi anajikinga mwenyewe, maana ritani ikikaguliwa jina lililo juu yake ni lako peke yako. Anayedai asilimia ya marejesho ana sababu ya kuyakuza marejesho. Muage kwa heshima, mwendelee kusali pamoja ukipenda, ila karatasi zako asiziguse tena. Kesi yako inahitaji mhasibu mwenye leseni ya CPA au wakala aliyesajiliwa na IRS ambaye ameshawahi kushughulikia mapato ya nje. Muulize swali hilo kabla hujamlipa senti. Wapo wengi wanaojua ritani za mshahara na hawajawahi kuona nyumba ya kupangisha iliyoko Kenya.

Pango ndilo linalodaiwa, tena pande zote mbili.

Tuanze Marekani. Ukiwa na Grini Kadi, Marekani inakuhesabia mapato yako ya dunia nzima, hata yale ambayo hayajawahi kutoka Voi. Vyumba sita kwa shilingi 6,500 ni shilingi 39,000 kwa mwezi, 468,000 kwa mwaka vikijaa. Kwa shilingi kama 129 kwa dola, hizo ni dola zipatazo 3,600. Zinaingia kwenye jedwali E la ritani yako. Na hata zile ambazo mdogo wako alizitumia "akiona pana haja" ni mapato yako, kwa sababu nyumba ni yako na yeye alizipokea kwa niaba yako.

Usishtuke lakini, maana kinachotozwa kodi ni kinachobaki. Unaondoa matengenezo, mlinzi, ada za kaunti, bima kama ipo, na unaondoa uchakavu wa jengo. Nyumba ya kuishi watu iliyo nje ya Marekani na iliyoanza kupangishwa miaka hii ya karibuni hugawanywa kwa miaka 30. Tuseme jengo, bila ardhi, lilikugharimu shilingi milioni 3.6: kila mwaka unaondoa shilingi 120,000 kabla hujaongeza gharama nyingine yoyote. Ndiyo maana nakuuliza: risiti za saruji ziko wapi? Za mabati, za nondo, za fundi? Kama ziko kwenye droo kwa mdogo wako, azipige picha zote wiki hii akutumie. Zilizopotea, tafuta kumbukumbu za pesa ulizotuma wakati wa ujenzi na jumbe za simu mlizoandikiana kuhusu kila malipo. Risiti hizo zitakufaa tena siku utakapouza, kwa sababu faida huhesabiwa kwa kuondoa ulichotumia kujenga.

Upande wa Kenya ni mfupi, ila una swali moja zito. Mkaazi wa Kenya anayepata pango la nyumba za kuishi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka analipa asilimia 7.5 ya pango lote, bila kuondoa gharama, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwako ingekuwa shilingi 2,925 kwa mwezi. Asiye mkaazi hayumo kwenye mpango huo. Yeye kiwango chake ni asilimia 30 ya pango lote, na kwa vyumba vyako hiyo ni zaidi ya shilingi 140,000 kwa mwaka. Tofauti ni kubwa, kwa hiyo ukaazi wako ujulikane kabla ya kulipa chochote. Sheria ya Kenya inamhesabu mtu kuwa mkaazi kama ana makao ya kudumu nchini na alikuwepo nchini kwa muda wowote katika mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa mkaazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Je, una nyumba yako kwenye boma la mama, ambayo ni yako na inakungoja? Huja Desemba? Majibu hayo mpelekee mshauri wa kodi aliyeko Kenya, akuandikie maoni yake kwenye karatasi. Na ingia iTax, mtandao wa KRA, uangalie kama ritani zako za kila tarehe 30 Juni zilijazwa, kwa sababu uliponunua ardhi ulitumia PIN, yaani namba yako ya kodi, na mwenye PIN hai aliyechelewa anapigwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, lolote lililo kubwa.

Utaniuliza kama unatozwa mara mbili. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi, lakini Marekani ina utaratibu wake wa kukupunguzia kwa kodi ya mapato uliyolipa nchi nyingine, kupitia fomu 1116. Kodi ya pango ya Kenya hukatwa kwenye pango ghafi, na hapo ndipo penye ubishi kama Marekani itaikubali. Hilo ni swali la pili la kumjaribu nalo mhasibu wako. Akilielewa mara moja, umepata mtu.

Sasa ile fomu iliyokunyima usingizi. Inaitwa FBAR, inajazwa kwenye mtandao, na yenyewe haitozi kodi hata senti. Inauliza tu una akaunti gani nje ya Marekani. Unatakiwa kuijaza kama akaunti zako zote za nje, zikijumlishwa, zilivuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, hata kwa siku moja. Milioni 1.7 zako zilikuwa kama dola 13,000. Ulivuka. Hesabu pia akiba ya SACCO, akaunti ya pamoja na mama kama ipo, na akaunti ya chama ikiwa wewe ni mmoja wa watia sahihi, hata kama pesa si zako. Mweka hazina wa chama aliyeko Dallas mara nyingi hajui kwamba na yeye yumo. Mwisho ni tarehe 15 Aprili, na aliyechelewa anaongezewa muda hadi tarehe 15 Oktoba bila kuomba.

Faini alizokusomea mwenzako ni za kweli. Hata asiyekusudia anaweza kutozwa zaidi ya dola 10,000, ingawa mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba faini hiyo ni kwa kila fomu isiyojazwa, si kwa kila akaunti. Lakini hizo ni za wanaokamatwa wamekaa kimya. Kwa anayejitokeza mwenyewe, IRS ina njia iliyoandaliwa kwa watu wa aina yako, ambao walijaza ritani kila mwaka ila wakaacha mapato ya nje kwa kutojua. Unarekebisha ritani za miaka mitatu, unajaza FBAR za miaka sita kwa ile miaka uliyovuka kiwango, unaeleza kwa maandishi na kwa kiapo jinsi ilivyotokea, unalipa kodi na riba, na juu yake asilimia 5 ya salio kubwa kabisa la mwisho wa mwaka katika akaunti zilizoachwa. Ploti na vyumba vilivyo kwa jina lako mwenyewe havimo kwenye hiyo asilimia 5. Ile "mkuu wa kaya" nayo inarekebishwa kwenye karatasi hizo hizo.

Njia hii hufungwa IRS ikishaanza kukukagua. Na tangu siku ile mwenzako alipokusomea simu, umeshajua. Mwaka huu huwezi kusema hukujua, kwa hiyo usiusukume mbele. Kama una nia ya kuomba uraia, na miaka yako inaruhusu, fomu ya maombi itakuuliza habari za kodi ukiwa umeapa. Nenda ukiwa umeshasafisha.

Nimemweka mdogo wako mwisho kwa sababu ndiye atakayekupa kazi kuliko IRS.

Amekujengea vyumba. Amesimamia fundi juani, amegombana na wapangaji wasiolipa, ameamka usiku bomba lilipopasuka. Hujawahi kumlipa, naye amejilipa kidogo kidogo kutoka kwenye pango, na nyote wawili mmekaa na jambo hili bila kulitaja. Unapoleta habari za KRA, anachosikia ni kwamba unataka hesabu. Hasira yake nadhani inatoka hapo, na wala si kwa kuipenda sana pesa ya serikali.

Mpigie siku ambayo huna zamu, na usianze na kodi. Mwambie unataka kumlipa kwa kazi anayoifanya, kila mwezi, kiasi mtakachokubaliana. Tuseme asilimia 10 ya pango, shilingi 3,900 vyumba vikijaa, au zaidi kama unaona kazi ni kubwa. Iwe yake, aitumie apendavyo, asiulizwe. Kwenye ritani ya Marekani malipo hayo ni gharama halali ya nyumba, alimradi yameandikwa. Kuanzia hapo pango lote liingie kwenye akaunti yako moja kwa moja kutoka kwa wapangaji, kwa namba ya malipo ya benki, na yeye alipwe kutoka humo. Ya mama iende kwenye laini ya mama mwenyewe. Msichana anayemsaidia anaweza kumshikia simu, na mama akajifunza, wazee wengi kuliko yeye wamejifunza.

Akirudia hoja ya majirani, usibishane naye kuhusu majirani. Mwambie hati ina jina lako, PIN ni yako, na Grini Kadi ni yako. Wao wakikosea hawatafukuzwa popote, wewe una kazi na makaratasi ya kupoteza. Mdogo anayekupenda ataelewa hilo, labda si siku hiyo hiyo.

Kabla hujaenda kwa mhasibu kusanya haya: taarifa za benki ya Voi kwa miaka sita, ritani zako zote za Marekani kama zilivyojazwa, nakala ya hati ya ploti, risiti za ujenzi, na orodha ya wapangaji na walichokuwa wanalipa mwezi hadi mwezi. Taarifa za benki zinaweza kuchelewa, kwa hiyo ziombe leo kwa barua pepe. Ukishaonana na mtaalamu wa Kenya kuhusu ukaazi wako, niandikie amekuambia nini. Wenzako wengi wenye vyumba Voi, Kitengela na Mtwapa wana swali hilo hilo.